Chembe za Moshi Zipimwe Ukubwa, Mpanda Kama Kwingineko

Katika nyumba nyingi za Mpanda na vijiji vya Mkoa wa Katavi moshi hupimwa kwa macho na kwa kikohozi. Ukiwa mzito na mweusi husemwa kuwa ni mbaya; ukiwa mwepesi na mweupe husemwa kuwa si neno; na usipoonekana huhesabiwa kuwa haupo. Kipimo hicho kimewatosha watu kwa vizazi vingi kwa sababu hapakuwa na kingine. Sasa kimetokea kitu ambacho kinakiumbua waziwazi. Nacho ni sigara ya elektroniki, ambayo hutoa wingu jeupe lenye harufu ya matunda, likaelea kwa sekunde chache kisha likatoweka. Kwa kipimo cha macho wingu hilo ni kitu cha mchezo. Muuzaji husema kuwa ni mvuke tu, na mnunuzi, kwa kuwa ameliona wingu likiyeyuka mbele ya uso wake, hana sababu ya kumbishia.

Neno hilo "mvuke" ndilo la kwanza kusahihishwa. Mvuke ni gesi, na gesi ya namna hiyo haionekani. Mwanafunzi aliyewahi kulitazama birika linalochemka anajua kwamba karibu kabisa na mdomo wa birika pana nafasi tupu ambapo jicho halioni kitu. Wingu huanza kuonekana mbele kidogo, pale mvuke unapokutana na hewa baridi na kugeuka matone. Kinachoonekana, basi, si mvuke bali ni matone yaliyoelea hewani. Mchanganyiko wa hewa na matone au chembe ndogo zinazoelea huitwa erosoli. Ukungu wa asubuhi ni erosoli, moshi wa kuni ni erosoli, na wingu la sigara ya elektroniki ni erosoli vilevile.

Kifaa chenyewe hakina miujiza. Mfamasia wa Kichina, Hon Lik, alikibuni mwaka 2003 katika sura inayofanana na ile inayouzwa leo. Betri huupasha moto waya mdogo uliozungukwa na utambi. Utambi umelowa majimaji ya propilini glaikoli na gliseroli, pamoja na viungo vya harufu na, mara nyingi, nikotini. Majimaji hayo yakipata joto hugeuka mvuke, na mvuke ukivutwa mbali na waya hupoa ghafla na kuwa matone. Hakuna kinachoungua kama tumbaku inavyoungua, na ni haki kusema kwamba kwa sababu hiyo sumu nyingi zinazotokana na kuungua hupungua sana. Mtu mzima anayeacha kabisa sigara ya kawaida na kushika hii hupunguza sehemu ya hatari aliyokuwa nayo. Lakini kijana ambaye hakuwa akivuta chochote hapunguzi kitu, anaongeza. Na anachokiongeza ni matone ambayo ukubwa wake haujui wala hakuambiwa.

Kwa nini ukubwa? Watu wengi wakitaka kujua kama kitu ni kibaya huuliza ni kiasi gani, na hawaulizi kimegawanyika vipande vidogo kiasi gani. Hesabu ndogo inatosha kuonyesha kosa la mazoea hayo. Mikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita; unywele wa binadamu una upana wa mikromita 70 hivi. Chukua tufe moja lenye kipenyo cha mikromita 10. Kwa ujazo wa tufe hilo moja yanaweza kupatikana matufe 1,000,000 yenye kipenyo cha mikromita 0.1. Uzito haukubadilika hata kidogo, lakini eneo la uso wa matufe hayo yote likijumlishwa ni mara 100 ya lile la tufe la kwanza. Kwa kuwa mwili hukutana na chembe usoni mwake, mizani inayosoma uzito uleule katika hali zote mbili imenyamaza kuhusu jambo lililo kubwa.

Tena chembe kubwa haikai hewani. Katika chumba ambacho hewa yake imetulia, chembe ya mikromita 10 yenye uzani wa maji huanguka kutoka kimo cha mita 2 hadi sakafuni kwa muda wa dakika 11 hivi. Chembe ya mikromita 1 huchukua saa 16 kwa safari hiyohiyo. Ile ya mikromita 0.1 ingehitaji zaidi ya siku 25, na kwa kuwa hakuna chumba ambacho hewa yake hutulia siku 25, kwa kweli haianguki. Huelea mpaka ipeperushwe nje, inase ukutani, au ivutwe na pua ya mtu.

Ndani ya mwili nako ukubwa ndio huamua njia. Chembe zinazozidi mikromita 10 hunaswa puani na kooni, na hutoka kwa kupenga na kukohoa. Zilizo ndogo kuliko hizo hugonga kuta za mabomba ya hewa mahali yanapogawanyika. Zile zisizofika mikromita 2.5 huweza kuteremka hadi kwenye vifuko vya hewa ambako damu hupokea oksijeni. Hapa lakini pana jambo ambalo vitabu vya shule aghalabu huliruka. Si kweli kwamba kadiri chembe inavyokuwa ndogo ndivyo inavyonasa zaidi. Chembe yenye kipenyo cha mikromita 0.3 hivi ni nyepesi mno kugonga kuta na ni nzito mno kutikiswa na molekuli za hewa hadi ukutani. Kwa hiyo sehemu kubwa ya chembe za ukubwa huo huingia na kutoka zilivyo. Ikipungua hadi mikromita 0.05, molekuli huisukuma huku na huku kwa nguvu, nayo hunasa kwa wingi zaidi, tena kule ndani kabisa. Anayetaka kujua matone ya sigara ya elektroniki hukaa wapi katika mapafu hana budi kwanza kujua kama ni ya 0.3 au ya 0.05.

Na hapo ndipo elimu yenyewe iliposhikwa na tatizo ambalo kila mwalimu wa fizikia angependa kulipeleka darasani.

Mwaka 2012 Ingebrethsen na wenzake wawili, huko Marekani, walichapisha matokeo ya kulipima wingu la sigara za elektroniki kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilikuwa ya nuru: miale yenye mawimbi ya urefu mbalimbali ilipitishwa katika wingu lenyewe, bila kulichanganya na hewa nyingine, ikaangaliwa ni kiasi gani cha kila rangi kimepotea njiani. Kwa kuwa matone ya ukubwa fulani huzuia baadhi ya mawimbi kuliko mengine, upotevu huo husimulia ukubwa wake. Jibu lilikuwa kati ya nanomita 250 na 450, yaani mikromita 0.25 hadi 0.45, na idadi ya matone ilikuwa ya kiwango cha bilioni moja katika kila sentimita ya ujazo. Ukubwa huo na wingi huo vinakaribiana na vya moshi wa sigara ya kawaida.

Njia ya pili ilikuwa ya umeme. Chembe hupewa chaji, kisha hupitishwa katika uga wa umeme. Iliyo ndogo huvutwa upesi na iliyo kubwa huburuta, hivyo zikatenganishwa kama mpunga na pumba. Chombo cha namna hiyo ni hodari na hutumiwa katika maabara nyingi, lakini hakiwezi kumeza matone bilioni moja kwa mkupuo. Yabidi wingu lizimuliwe kwanza kwa hewa safi, mara mamia au maelfu. Kwa njia hiyo jibu likawa nanomita 50 hivi.

Ni wingu la aina ileile, na mikono ni ileile. Jibu moja ni karibu mara sita ya jingine kwa kipenyo, na kwa ujazo ni zaidi ya mara 200. Wapimaji walieleza sababu wenyewe. Matone hayo ni ya majimaji, na hewa safi iliyoongezwa huyakausha. Kitendo cha kuyatayarisha yapimwe kiliyafanya yawe madogo. Chombo hakikukosea, kilipima kwa usahihi kitu ambacho hakikuwa kile kilichotoka kinywani mwa kifaa.

Ziko njia nyingine. Ipo ile ya kulilazimisha wingu lipite katika tundu jembamba kisha likate kona ghafla mbele ya bamba: chembe nzito hushindwa kukata kona na kulibandika bamba, kama abiria wa basi la Sumbawanga wanavyolaliana dereva anapokata kona kwa kasi, nyepesi huendelea hadi tundu la pili lililo jembamba zaidi, na la tatu, na mwisho kila bamba hupimwa uzito. Njia hii hutoa jibu la uzito, si la idadi, na kwa sababu tone moja kubwa lina uzito wa mengi madogo, jibu lake kwa kawaida huwa kubwa kuliko la zile nyingine. Kila njia ina haki yake. Kosa ni kulinyakua jibu la njia moja na kulitangaza kama tabia ya kitu chenyewe, kama watangazaji wa bidhaa wanavyofanya kwa upande mmoja, na wapinzani wao, inasikitisha kusema, kwa upande wa pili. Anayetaka kutisha huchagua nanomita 50. Anayetaka kutuliza huchagua 300 na kuongeza kwamba chembe za ukubwa huo hutoka na pumzi. Wote wawili husahau kwamba ndani ya mapafu hewa ina unyevu karibu wa kushiba, na kwamba gliseroli hupenda maji. Matone yakiingia humo hunywa maji na kukua, wakati nikotini kwa sehemu yake hutoka katika tone na kuingia mwilini kama gesi. Ukubwa wa matone kifaani si ukubwa wake kooni, na wa kooni si wa vifuko vya hewa.

Kwa hiyo yapasa kusemwa bila kigugumizi kwamba namba ya ukubwa wa chembe isiyotaja chombo, kiasi cha kuzimua, joto na unyevu wa hewa haifai kuingizwa katika sheria, katika tangazo, wala katika somo. Tangu mwaka 2015 kumekuwapo utaratibu wa kimataifa wa mashine inayovuta kifaa badala ya mtu: mililita 55 kwa kila mvuto, kwa sekunde 3, mara moja kila sekunde 30. Utaratibu huo ni mzuri kwa sababu maabara mbili zaweza kulinganisha matokeo. Lakini si kila kijana huvuta kwa sekunde 3, na baadhi ya upimaji umefanywa katika maabara za kampuni za tumbaku zenyewe. Hilo halifanyi matokeo yawe ya uongo. Linafanya iwe lazima kwa taifa kuwa na watu wake wanaoweza kuyarudia.

Tanzania ilitunga Sheria ya Udhibiti wa Bidhaa za Tumbaku mwaka 2003, mwaka uleule ambao Hon Lik alikuwa akikamilisha kifaa chake, na iliridhia mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku mwaka 2007. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2015, ilipiga marufuku sigara za elektroniki moja kwa moja. Kupiga marufuku hakuhitaji kipimo cha nanomita. Kuruhusu kwa masharti kunakihitaji, na kufundisha kunakihitaji zaidi, maana kifaa chenyewe huingia mfukoni, na treni ya kutoka Kaliua hufikisha Mpanda chochote kinachoingia mfukoni.

Hapa pana pingamizi la haki. Mtu wa Katavi aweza kuuliza: ya nini kuhangaika na wingu la matunda la vijana wachache, ilhali mama anapika kwa kuni juu ya mafiga matatu katika jiko lisilo na dirisha, na mkulima analala mlangoni pa bani akichochea moto wiki nzima? Pingamizi hilo lina uzito, na yeyote anayelidharau hajafika Mpanda.

Mkoa huu, uliozaliwa mwaka 2012 kutoka Mkoa wa Rukwa, ni wa moshi wa kila namna. Tumbaku ya mvuke hulimwa Mpanda na katika maeneo kama Katumba na Mishamo, yaliyofunguliwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi. (Jina hilo la "tumbaku ya mvuke" nalo linastahili kutazamwa, maana hukaushwa kwa joto la bomba, yaonekana tumbaku imezoea kupewa majina ya upole.) Majani hukaushwa katika mabani kwa siku tano hadi saba, joto likipandishwa polepole kutoka nyuzi 35 hivi hadi kukaribia 70, na kuni za miombo ndizo zinazolipandisha. Moshi wa tanuri umetengwa na majani ili usiyaharibu. Haukutengwa na mkulima. Pindi mvua zikikatika, kuanzia Mei na kuendelea, huja moshi wa mbuga na misitu inayoungua, unaotanda juu ya eneo lote la nyanda za magharibi. Wachimbaji wadogo wa dhahabu huongeza vumbi la mawe, ambalo chembe zake nyingi ni kubwa kuliko za moshi lakini zina silika. Na kila siku, katika misimu yote, kuna jiko. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Serikali ya Tanzania, katika mkakati wake wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024, imejiwekea shabaha ya asilimia 80 ya wananchi kutumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034.

Lakini pingamizi hilo, likichunguzwa, linasaidia upande wa kupima kuliko linavyoupinga. Chombo kinachopima matone ya sigara ya elektroniki ndicho kinachopima masizi ya jiko. Elimu ya kukitumia ni moja. Moshi wa kuni, tena, ni rahisi zaidi kupima, kwa kuwa masizi ni mango na hayakauki yakizimuliwa kama matone ya gliseroli. Anayejifunza kwa lile wingu gumu atalimudu jiko. Na mkakati wa miaka kumi hauwezi kujua kama umefaulu kwa kuhesabu majiko yaliyogawiwa. Jiko banifu linaloonyesha moshi mdogo kwa macho laweza kuwa limepunguza chembe kubwa zinazoonekana na kuziacha ndogo zilivyokuwa. Hilo ni jambo la kupima, si la kudhani, na likikosewa ni mapafu ya akina mama na watoto walio mgongoni mwao yatakayolipa.

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha mwaka 2021 ni wastani wa mwaka usiozidi mikrogramu 5 za chembe zilizo chini ya mikromita 2.5 katika kila mita ya ujazo ya hewa. Ni kiwango kikali, na ni kizuri. Lakini ni cha uzito. Chembe za mikromita 0.05 zaweza kuwa nyingi kama mchanga na zisiusogeze mshale wa mizani. Kwa sababu hiyo shirika hilohilo lilishauri idadi ya chembe ndogo mno ihesabiwe pembeni ya uzito.

Vipo siku hizi vyombo vya bei nafuu, vidogo kama kiberiti, vinavyohesabu chembe kwa mwale wa leza. Chuo Kikuu cha Makerere, kwa mradi wake wa AirQo ulioanza mwaka 2015, kimevitumia kutengeneza vipimo vya hewa mjini Kampala na kuvipeleka katika miji mingine ya Afrika. Ni kazi ya kujivunia katika Afrika Mashariki, na yafaa iigwe. Hata hivyo vyombo vya aina hii vina udhaifu ambao Mpanda ingeuhisi kwa namna ya pekee. Chembe iliyo chini ya mikromita 0.3 hivi huonekana kwa shida au haionekani kabisa, chombo huikisia. Unyevu ukizidi, chembe hunywa maji na kuvimba, na chombo husoma kwamba hewa ni chafu kuliko ilivyo. Sasa, tumbaku ya Katavi hukaushwa hasa katika miezi ya mvua, ambapo hewa imelowa, wakati moto wa mbuga huja katika miezi mikavu. Mtu akitundika chombo hicho mwaka mzima bila kusahihisha unyevu, ataona mabani yana moshi kupita kiasi na mbuga zina moshi pungufu, na huenda akaandika ripoti nzuri iliyopinduka chini juu. Tena mji upo kwenye mwinuko wa mita 1,100 hivi, ambako kanieneo ya hewa ni pungufu kwa zaidi ya sehemu ya kumi kuliko pwani. Chombo kilichorekebishwa Dar es Salaam yabidi mtiririko wake wa hewa uangaliwe upya.

Ndiyo maana namba za Kampala, au za Marekani, haziwezi kuwekwa mahali pa namba za Mpanda. Kinachotakiwa si maabara ya kifahari. Mkoani kuna Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Tabora, upande wa pili wa reli, kuna Taasisi ya Utafiti wa Tumbaku. Chombo kimoja kizuri, kikiwekwa katika mojawapo ya taasisi hizo, chaweza kuwa rula ya kusahihishia vyombo kumi vya bei nafuu vilivyotawanywa katika majiko, mabani na madarasa. Watu wanaojua kuni za miombo na unyevu wa Februari wako huko tayari. Fedha ni kidogo kuliko zile zinazotumika katika semina za kuzungumzia moshi bila kuupima.

Onyo moja lahitajika, ili ukubwa usifanywe kuwa kila kitu. Katika mwaka 2019 vijana wengi nchini Marekani waliugua mapafu ghafla kwa kuvuta vifaa vya aina hii. Hadi Februari 2020 waliolazwa au kufa walifikia 2,807, na vifo vilikuwa 68. Chanzo kikuu hakikuwa ukubwa wa matone bali asetati ya vitamini E, mafuta yaliyochanganywa katika majimaji yenye dawa ya bangi. Ukubwa huonyesha chembe itakwenda wapi. Itafanya nini ikifika, hilo laulizwa kwa kemia.

Shule hazina haja ya kungoja chombo. Rangi ya moshi yenyewe ni kipimo cha ukubwa, ikitazamwa kwa akili. Moshi unaopanda moja kwa moja kutoka ncha ya sigara inayoungua, ukitazamwa mbele ya kitu cheusi, una rangi ya samawati. Ule unaotoka kinywani mwa mvutaji ni mweupe wa kijivu. Chembe za kwanza ni ndogo kuliko wimbi la nuru na hutawanya samawati kuliko nyekundu, kama anga linavyofanya. Zile za pili zimekaa katika mapafu yenye unyevu, zimeungana na kuvimba, na sasa hutawanya rangi zote sawasawa. Hakuna haja ya sigara kuyaona hayo. Moshi unaochuja kutoka paa la nyasi asubuhi, ukitazamwa mbele ya miti yenye kivuli, unaonyesha samawati ileile. Darasani yatosha kuziba madirisha, kuacha tundu moja la jua, na kuwasha kipande cha udi.

Na lile jambo la mwaka 2012, la chombo kukausha kile kinachopimwa, laweza kurudiwa kwa birika. Wanafunzi wapime kwa rula urefu wa wingu kutoka mdomo wa birika hadi mahali linapotoweka, maji yakichemka kwa moto uleule, mlango ukiwa umefungwa. Kando wawe na vipimajoto viwili, kimoja kikavu na kingine kilichofungwa kitambaa kilicholowa, ili wajue unyevu wa hewa. Katika Septemba wingu litakuwa fupi, kwa kuwa hewa kavu huyanywa matone upesi; katika Februari litarefuka, ingawa birika ni lile na maji ni yale. Daftari lina safu mbili tu: urefu wa wingu, na tofauti ya vipimajoto. Mwalimu asiwaambie mapema safu hizo zina uhusiano gani.